Je, wajua? Mshindi wa Booker ambaye hakutoa riwaya ya pili

Tarehe 31 Oktoba 1985, tuzo ya Booker, inayotolewa kwa riwaya bora ya Kiingereza ya mwaka, ilipotangazwa katika ukumbi wa Guildhall jijini London, mshindi hakuwepo. Keri Hulme wa Nyuzilandi alikuwa Marekani, akiwa ziarani kwa ajili ya tuzo nyingine aliyokuwa ameshinda. Alipigiwa simu papo hapo, huku televisheni ikirusha matangazo moja kwa moja, naye akadhani anataniwa. Alipoamini, kilichomtoka kilikuwa neno la mshangao ambalo mtu hasemi mbele ya wakwe.

Kitabu chenyewe, The Bone People, kilikuwa riwaya yake ya kwanza. Booker imekuwepo tangu 1969, na hapo kabla haikuwahi kumwangukia kifungua mimba wa mwandishi yeyote, wala mwandishi yeyote kutoka Nyuzilandi. Hulme aliishi miaka 36 zaidi, akafariki Desemba 2021 akiwa na umri wa miaka 74. Riwaya ya pili haikutoka. Kwa nini?

Jibu la haraka la watu wengi ni kwamba sifa zilimlemea. Mimi naona tuanzie nyuma zaidi, kwenye namna riwaya ya kwanza ilivyopatikana.

Hulme alizaliwa Christchurch mwaka 1947, mkubwa kati ya watoto sita, mwenye asili ya Kimaori (wenyeji asilia wa Nyuzilandi) na ya Uskoti kwa mama, na ya Uingereza kwa baba. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 11. Alianza kusoma sheria chuo kikuu, akaacha. Akachuma tumbaku, akapika samaki na chipsi, akafanya kazi katika kiwanda cha sufu, akasambaza barua, akasahihisha maandishi ya gazeti. Mwaka 1972 aliacha kazi ili aandike tu. Baada ya miezi tisa pesa zikamrudisha kazini. Wakati wote huo alikuwa na wahusika watatu kichwani: mchoraji anayeishi peke yake kwenye mnara kando ya bahari, mtoto asiyesema, na baba mlezi ampendaye mtoto huyo na kumpiga vibaya mno. Walianza kama hadithi fupi aliyoiandika akiwa bado kijana. Kufikia kuwa kitabu, miaka zaidi ya kumi na mitano ilikuwa imepita.

Halafu wachapishaji wakakikataa. Mmoja alikiona kikubwa mno, kigumu kushikika, na kisichofanana na riwaya za kawaida. Wengine walitaka kipunguzwe na kunyooshwa. Hulme hakutaka kuguswa, na alikwisha kufikiria kuugandisha muswada wake ndani ya utomvu mgumu, uwe kizuizi cha mlango. Aliyeuokoa ni Spiral, kikundi cha wanawake kilichokuwa na moyo mwingi kuliko fedha. Kwa toleo hilo la 1984 kikundi kiliongozwa na watu watatu: Marian Evans, Irihapeti Ramsden na Miriama Evans. Walichapa nakala 2,000, zenye makosa ya uchapaji ya kutosha, na zikaisha upesi. Wakachapa 2,000 nyingine, nazo zikaisha. Ni hao watatu waliopanda jukwaani Guildhall kupokea tuzo kwa niaba yake, wakiingia kwa mwito wa Kimaori ambao kwa mila hupazwa na wanawake. Gazeti moja la Uingereza liliwafananisha na majini waombolezaji. Dharau hiyo haikuwanyima tuzo.

Hata jopo la majaji liligawanyika. Joanna Lumley, mwigizaji aliyekuwa mmoja wao, alikipinga kitabu wazi: kwake, kipigo cha mtoto hakitetewi hata kikiandikwa kwa lugha tamu kiasi gani. Sikubaliani naye kuhusu kitabu, lakini namwelewa. Kuna kurasa ambazo msomaji hulazimika kuziweka chini kwanza.

Sasa baada ya tuzo. Hulme alirudi Okarito, kijiji cha watu wachache mno katika pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kusini, kwenye nyumba ya pembe nane aliyoijenga mwenyewe. Aliendelea kuvua, hasa whitebait, samaki wachanga wanaotoka baharini na kupanda mito majira ya kuchipua. Aliendelea kuandika pia, jambo ambalo wanaomwita mwandishi wa kitabu kimoja husahau: hadithi fupi za Te Kaihau zilitoka 1986, mashairi ya Strands 1992, hadithi za Stonefish 2004. Riwaya iliyotajwa kwa miaka mingi iliitwa Bait, na ilihusu uvuvi huohuo. Baadaye ikasemekana ina pacha wake. Hazikutokea, si moja wala mbili.

Ndiyo maana neno "kukwama" halinikai. Riwaya ya kwanza iliiva polepole, hakuna aliyeisubiri, na mwandishi alikuwa huru kuitupa au kuibadilisha. Ya pili ilikuwa na jina magazetini kabla haijawa na mwisho, na mtu aliyekataa mhariri amguse sentensi asingekubali kalenda ya mchapishaji imguse. Arundhati Roy, mwandishi wa India aliyeshinda Booker kwa riwaya yake ya kwanza mwaka 1997, alitoa ya pili 2017, miaka 20 baadaye. Tofauti yake na Hulme ni kwamba yeye hatimaye alifika, si kwamba alikwenda kasi.

Ukiipata The Bone People, jiandae: utangulizi unakupa mwisho mwanzoni, na kurasa za kwanza zitakuchanganya. Usirudi nyuma kutafuta ulichokosa. Maneno ya Kimaori yamefasiriwa mwishoni mwa kitabu, na mtoto akishatokea mnarani, hadithi inakuchukua yenyewe.