Je, wajua kwa nini Ireland iko mstari wa mbele Ulaya kwenye ishu ya Palestina?

Hivi umewahi kujiuliza Ireland ina nini na Palestina? Kanchi ka watu milioni 5 na kitu, kako pembeni kabisa mwa Ulaya, halafu tarehe 28 Mei 2024 kakaungana na Norway na Hispania kuitambua rasmi Palestina kuwa nchi, kwa mipaka ya kabla ya vita vya Juni 1967, yaani Ukingo wa Magharibi, Gaza na Jerusalem Mashariki. Israel ikakasirika ikamuita balozi wake arudi nyumbani, na Desemba mwaka huohuo ikatangaza kuufunga kabisa ubalozi wake wa Dublin.

Wengi wanadhani yote yameanza na vita vya Gaza vya juzijuzi. Hapana. Februari 1980, Ireland ndiyo ilikuwa nchi ya kwanza kwenye Jumuiya ya Ulaya ya wakati ule kusema waziwazi kwamba Wapalestina wana haki ya kuwa na dola yao, na kipindi hicho kusema hivyo Ulaya haikuwa kitu cha kawaida.

Sasa chanzo ni nini? Kwa mtazamo wangu anza na mtu mmoja, Arthur Balfour. Huyu kabla hajawa maarufu kwa Palestina alikuwa waziri wa Uingereza wa kuisimamia Ireland, kuanzia 1887 mpaka 1891, na mwaka huohuo wa 1887 polisi wakawafyatulia risasi wakulima waliokuwa kwenye mkutano kuhusu ardhi pale Mitchelstown, watu watatu wakafa, Balfour akawatetea polisi, toka hapo Waairishi wakambandika jina la Balfour wa Damu. Miaka 30 baadaye, Novemba 1917, akiwa waziri wa mambo ya nje, ni yeye aliyesaini lile tamko la kuahidi makao ya taifa la Wayahudi Palestina, na Waarabu waliokuwa wengi pale hata hawakutajwa kwa jina, wameitwa tu jamii zisizo za Kiyahudi. Na katikati hapo, 1903, akiwa waziri mkuu, serikali yake ndiyo iliyotaka kuwapa viongozi wa Kizayuni, yaani Wayahudi waliokuwa wanatafuta nchi yao, ardhi ya Uasin Gishu, Kenya hii hii yetu, wao wenyewe ndio wakakataa 1905. Yaani mkono uleule ulijiamulia mambo ya ardhi za watu sehemu tatu za dunia bila kuuliza wenyewe, mimi hiyo huwa inaniuma sana kila nikiifikiria.

Haijaishia hapo. Waingereza walipoondoka sehemu kubwa ya Ireland 1922, wakibaki na sehemu ya kaskazini, mamia ya askari waliokuwa wanawatesa watu kule, wale Black and Tans, walichukuliwa wakapelekwa Palestina, ambayo nayo ilikuwa chini ya Waingereza, kuwa polisi, na mkuu wao wa Ireland, Jenerali Tudor, naye akahamia hukohuko. Kwahiyo Mwairishi akisikia habari za kugawanywa nchi, walowezi, nyumba kubomolewa, hahitaji kuelezewa sana.

Lakini tuseme ukweli wote, zamani huruma ya Waairishi wengi ilikuwa upande wa Wayahudi waliokuwa wanapigana na Waingereza. Yitzhak Shamir, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu wa Israel, alijiita Michael kwenye mapambano kwa heshima ya Michael Collins, kiongozi wa mapambano ya uhuru wa Ireland, na Chaim Herzog, aliyekuwa rais wa Israel, alizaliwa Belfast akakulia Dublin. Upepo ulianza kugeuka baada ya 1967 walipoona ardhi ambayo Israel iliiteka kwenye vita vile hairudishwi, halafu kuanzia 1978 wanajeshi wa Ireland wakaenda kulinda amani kusini mwa Lebanon, zaidi ya 40 wamefia huko, familia nyingi zinaijua kanda ile kwa majina ya watoto wao.

Je, kutambuliwa kumewapa Wapalestina udhibiti wa ardhi? Bado. Kwa makubaliano ya Oslo ya 1995 kati ya Israel na viongozi wa Wapalestina, karibu asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi, ile inayoitwa Eneo C, iko chini ya jeshi la Israel moja kwa moja, Mpalestina akitaka kujenga hata chumba kimoja pale anatakiwa kibali cha Israel na mara nyingi hapewi. Ndio maana seneta Frances Black, ambaye pia ni mwimbaji, alipeleka muswada 2018 wa kupiga marufuku Ireland kufanya biashara na makazi ya walowezi wa Israel kwenye ardhi hiyo iliyotekwa, serikali ikaukwepa miaka na miaka ikisema biashara ya nje ni kazi ya Umoja wa Ulaya, mpaka 2025 ikaja na rasimu yake yenyewe inayogusa bidhaa tu, na wanaharakati wakakomaa kwamba huduma nazo lazima ziingie.