Zamu za kituo hupangwa na ukoo

Wanaoniuliza kuhusu kazi hii huanza na joto, umbali na mshahara. Mimi huwauliza kama wataweza kuongoza wafanyakazi ambao tayari ni mama, shangazi na bibi wa karibu kila mtoto aliyemo kituoni. Ninasimamia kituo cha malezi na elimu ya awali katika jamii ya Wawarlpiri, Waaborijini wa jangwa la Tanami, Australia, saa kadhaa kwa gari kutoka mji wa Alice Springs.

Mwarlpiri huzaliwa ndani ya mojawapo ya makundi 8 ya ukoo. Majina ya makundi kwa wanaume huanza na J, kwa wanawake N: Jakamarra na dada yake Nakamarra, Jangala na dada yake Nangala. Kundi ndilo linalosema nani utamwoa na nani utamwita mama. Dada za mama nao ni mama, kama kwetu. Pia linasema nani umwepuke kwa heshima: mwanamke na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja wala hawasemezani.

Sasa tazama zamu ya asubuhi. Sheria ya Australia inataka mlezi 1 kwa watoto 4 walio chini ya miezi 24, na 1 kwa 5 hadi miezi 36. Mkwe akiingia kuleta mtoto, mlezi mmoja anatoka, na hapo hapo hesabu imevunjika. Ndiyo maana kila zamu naweka mtu wa ziada, na kila bajeti napigania mshahara wake. Wa ofisi za mjini huuona ni anasa. Kwangu bila yeye mlango haufunguliwi. Ratiba yenyewe siiandiki peke yangu: mlezi mkongwe huipitia jina kwa jina, naye akisema huyu na huyu hapana, siulizi sababu.

Msiba ukitokea, mengi husimama. Jina la marehemu halitamkwi, na yeyote mwenye jina hilo au linalofanana nalo huitwa Kumanjayi, pengine kwa miaka. Picha zake huondolewa ukutani, kwa hiyo zetu tunazibandika kwa namna ya kubanduka upesi. Mtoto akishakuwa Kumanjayi, orodha ya serikali inabaki na jina la cheti. Orodha hiyo hukaa ofisini kwangu, na chumbani huitwa Kumanjayi tu. Kituo kufungwa siku za maombolezo si utoro, na ripoti zangu zinasema hivyo waziwazi.

Jambo linaloniumiza zaidi ni masikio. Watoto wengi wa Kiaborijini katika jamii za mbali huugua maambukizi ya sikio la kati tangu uchanga, na usaha ukidumu mtoto anasikia kama aliyezama majini, katika miezi ile ile anayopaswa kuokota maneno. Kwetu siku huanza kwa kupenga kamasi. Baada ya hapo mlezi anasokota tishu iwe kama kijiti, anaiweka taratibu kwenye sikio linalovuja, anaiacha inyonye, anaitoa na kusokota nyingine hadi itoke kavu. Muuguzi huja na dawa, lakini ukaushaji wa kila siku ni wetu. Wakati wa hadithi mlezi huketi chini, uso kwa uso na mtoto, ili asiyesikia vizuri aone midomo.

Hadithi zenyewe huchorwa mchangani. Bibi analainisha mchanga kwa kiganja, anachora umbo la U, mtu ameketi. Duara, moto au kambi. Anafuta, anaendelea, huku akisimulia kwa Kiwarlpiri. Hapo kuna lugha, mpangilio na kumbukumbu, vyote mfumo wa taifa wa kupima ubora wa vituo kama hiki unavidai. Kuandika ushahidi wa mkaguzi ni kazi yangu, bibi asikatishwe na fomu.

Makubaliano ya kitaifa ya 2020 yanataka 55% ya watoto wa Kiaborijini na wa Visiwa vya Torres Strait waanze shule wakiwa wanakua ipasavyo katika nyanja zote 5 za makuzi kufikia 2031. Upimaji wa 2021 ulikuta takriban 34%. Fedha zinazofuata lengo hilo ningezielekeza kwanza kwenye mafunzo ya cheti yanayotolewa hapa hapa kijijini. Mlezi mwenye wajukuu nyumbani hawezi kwenda mji wa mbali wa Darwin kwa wiki kadhaa, na nafasi yangu inapaswa kushikwa na Mwarlpiri.