Kwa nini klabu ya Heidenheim inajiita "1846" wakati soka lilikuwa halijazaliwa?

Jina kamili ni 1. FC Heidenheim 1846. Anayelisoma mara ya kwanza hudhani hii ni moja ya klabu kongwe kabisa za soka duniani. Hesabu inakataa. Kanuni za chama cha soka cha Uingereza ziliandikwa London mwaka 1863, na huko Ujerumani mwalimu Konrad Koch aliwapa wanafunzi wake wa Braunschweig mpira mwaka 1874, tena mwanzoni kwa kanuni zilizokaribia zaidi raga. Mwaka 1846, katika Heidenheim, mji wa kusini mwa Ujerumani ambao hata leo una watu wapatao 50,000 tu, hapakuwa na timu ya soka wala wa kucheza nayo.

Kilichokuwapo ni jimnastiki. Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wake wa mazoezi ya viungo Berlin mwaka 1811, vijana wakapanda kamba, wakaning'inia kwenye vyuma na kuruka vihunzi. Watawala waliwaogopa, kwa sababu mazoezi hayo yalikwenda pamoja na siasa ya kuwaunganisha Wajerumani wawe taifa moja. Prussia, dola ya Kijerumani iliyotawala Berlin, iliyapiga marufuku mwaka 1820, ikayaruhusu tena 1842. Ndiyo maana miaka ya 1840 imejaa kuzaliwa kwa vyama vya jimnastiki, na kile cha Heidenheim ni kimojawapo.

Soka lilipofika, wanajimnastiki wengi hawakulipenda hata kidogo. Waliliita "ugonjwa wa Kiingereza". Hata hivyo vijana walilitaka, na vyama vikalipokea kama idara mojawapo, kando ya riadha na michezo mingine. Kisha miaka ya 1923 na 1924 shirikisho la jimnastiki likawalazimisha watu wachague: huku au kule. Vyama vingi vilipasuka, na vingine viliungana tena baadaye. Kwa hiyo historia ya klabu ya Kijerumani mara nyingi hufanana na ukoo wenye ndoa, talaka na ndoa tena, na kila tawi hupenda kuhesabu umri wake kuanzia kwa babu wa mbali zaidi.

Heidenheim ilipita njia hiyohiyo. Mwaka 1972 chama cha jimnastiki na VfL, klabu nyingine ya michezo ya mji huo, viliungana kuwa Heidenheimer Sportbund, chama kimoja chenye michezo mingi. Tarehe 1 Januari 2007 idara ya soka ikajitenga na kuwa klabu inayojitegemea. Sababu za kujitenga namna hii ni za fedha na sheria. Chama cha kawaida hupata nafuu ya kodi kwa kuwa hakifanyi biashara, lakini timu inayolipa wachezaji mishahara na kuuza matangazo ni biashara, na ikifilisika inaweza kuzivuta shimoni idara nyingine zote. Wanamasumbwi hawana sababu ya kulipa deni la mpira, wala watoto wa jimnastiki. Huko Heidenheim, wacheza mchezo wa upanga na wacheza besiboli walibaki kwa mama, yaani chama cha Sportbund; soka likaondoka na mwaka wa kuzaliwa.

Namba ya mbele nayo huchanganya watu. Kwa Kijerumani nukta baada ya tarakimu 1 humaanisha "ya kwanza", kwa hiyo "1. FC" ni klabu ya kwanza ya soka, haihusiani na daraja. Ukiona herufi T katika TSV au TSG, hapo kuna jimnastiki. TSV 1860 München iliunda idara ya soka mwaka 1899. TSG 1899 Hoffenheim inahesabu mwaka wa chama cha jimnastiki, ilhali klabu ya soka ya kijiji hicho ilianzishwa 1921 na viwili hivyo viliungana 1945. VfL Bochum 1848 yenyewe ilipatikana kwa kuunganisha vyama vitatu mwaka 1938.

Umri halisi wa klabu ya Heidenheim unaonekana zaidi katika kazi ya kocha Frank Schmidt, mzaliwa wa mji huo, aliyekabidhiwa timu Septemba 2007 ikiwa daraja la nne. Mwaka 2009 iliingia daraja la tatu, 2014 la pili. Tarehe 28 Mei 2023, siku ya mwisho ya msimu, ilikuwa nyuma 2–1 ugenini dakika 90 zikikatika, na Hamburg, iliyokuwa ikiwania nafasi hiyohiyo, ilikuwa ikijiona imeshapanda. Jan-Niklas Beste akafunga penalti, kisha Tim Kleindienst akaongeza bao katika dakika ya tisa ya nyongeza: 3–2, ubingwa wa daraja la pili na tiketi ya Bundesliga. Wenyeji wao siku hiyo waliitwa SSV Jahn Regensburg, klabu yenye jina la yule mzee wa kamba na vyuma vya Berlin.