Tumbo halitaoza, mwogope mlango wa nyuma

Kazi yangu ni kuziba kwa ndani, kupitia katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa), ateri za tumbo zinazovuja damu. Juzi nimeulizwa tena, na safari hii si ndugu wa mgonjwa, ni daktari wa intern, aliye mafunzoni: "Dokta, ukishaiziba ateri, si tumbo litaoza?"

Haliozi, au ni nadra sana. Swali hili limezeeka kuliko mimi. Mwaka 1972 Josef Rösch na wenzake waliziba ateri ya tumbo iliyovuja kwa donge la damu ya mgonjwa mwenyewe. Tumbo na duodeni (mwanzo wa utumbo mdogo) hupata damu kutoka juu, kwenye ateri iitwayo shina la siliaki, na kutoka chini, kwenye ateri ya utumbo iitwayo mesenteri ya juu, zikikutana kichwani mwa kongosho. Ukiziba njia moja, nyingine inaendelea kulisha.

Na hapo ndipo penye balaa. Kidonda cha duodeni kikitoboa ateri ya gastroduodenali, inayopita nyuma ya duodeni na kuunganisha njia hizo mbili, ukaziba upande wa juu tu, picha inapendeza, kontrasti (dawa inayoonyesha mishipa kwenye eksirei) haivuji, watu wanapeana mikono. Saa nane usiku simu inalia: mzee anatapika damu. Damu imepita mlango wa nyuma, ile njia ya chini. Ndiyo maana natanguliza katheta ng'ambo ya tundu, naanza kupanga koili (waya uliojikunja wa kuzibia) huko, kisha narudi nyuma taratibu. Koili nayo si kizibo cha chupa! Ni waya wenye nyuzinyuzi. Damu isipoganda juu yake, umemvisha mgonjwa pambo. Kwa hiyo nikigombana na wadi kuhusu plazma na chembe sahani, vinavyosaidia damu kuganda, si ukorofi.

Hata tukifanya hayo yote, takriban robo ya wagonjwa, pengine theluthi, hutoka damu tena. Choo cheusi peke yake kisikutishe. Damu ya zamani huendelea kutoka siku kadhaa. Tazama mapigo na presha.

Aliyewahi kupasuliwa tumbo au kupigwa mionzi, huyo namhofia kuoza kweli, hasa nikitumia, badala ya koili, gundi au chembe ndogo zinazofika kwenye vimishipa vya mwisho. Wengine duodeni husinyaa baadaye, chakula hakipiti. Figo, kwa ajili ya kontrasti, na kinena, ninapoingizia katheta, viangaliwe.

(Na wa kichocho wenye mishipa ya umio iliyovimba, jamani, hiyo ni vena, si ateri. Wapelekeni endoskopi (kamera ya kupitia mdomoni) wakafungwe mipira.)

Kinachonisumbua ni pale kontrasti isipovuja popote. Naifuata klipu, kibanio cha chuma alichoacha daktari wa endoskopi kwenye kidonda, naziba hapo. Mgonjwa akipona, sijui kama ni mimi niliyemponya au damu ilishakata yenyewe.