Bluberi haifi njaa: dhana potofu kuhusu mmea huu bustanini

Mtu akipata mche wa bluberi, kichaka kinachozaa matunda madogo ya bluu, huutafutia mahali bora kuliko pote bustanini: pale penye udongo mweusi ulionona kwa samadi, ambapo mboga zilistawi msimu uliopita. Anaumwagilia, anautilia mbolea, anaunyunyizia na jivu kidogo la jikoni. Baada ya miezi michache majani yamegeuka manjano, yamebaki na mishipa ya kijani tu. Anaongeza mbolea. Mche unakufa, naye anajiambia kwamba hana mkono wa kupanda. Mkono anao. Tatizo ni kwamba kila alichoutendea kilikuwa wema wa mmea mwingine.

“Udongo mzuri wa mboga utaifaa na bluberi”

Dhana hii ndiyo iliyoua miche mingi kuliko wadudu na magonjwa yote kwa pamoja, au ndivyo ninavyoamini. Bluberi inayopandwa zaidi, Vaccinium corymbosum, asili yake ni mashariki mwa Amerika Kaskazini, kwenye udongo wa kichanga na wa kinamasi wenye tindikali nyingi na chakula haba. Inataka pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho kadiri namba inavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi, ya kati ya 4.5 na 5.5. Mboga nyingi hupenda 6 hadi 7. Kwa macho tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kila hatua moja ya pH hubadilisha tindikali mara kumi, kwa hiyo udongo wa 5 una tindikali mara mia kuliko ule wa 7.

Tindikali ikipungua, madini ya chuma hujifunga udongoni. Yapo, pengine tele, ila mzizi hauwezi kuyanyonya. Yale majani ya manjano yenye mishipa ya kijani ni dalili ya kukosa chuma katikati ya shibe, na kuyaongezea mbolea ni sawa na kumpakulia sahani ya pili mtu aliyefungwa mdomo.

Hata wataalamu hawakulijua hili zamani. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 wengi waliamini kwamba bluberi ni tunda la porini lisilokubali kulimwa. Frederick Coville, mtaalamu wa mimea katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, alianza majaribio mwaka 1906, na mwaka 1910 akachapisha matokeo: mmea hauna ukaidi wowote, unataka udongo wa tindikali. Elizabeth White, binti wa mkulima wa kranberi (tunda dogo jekundu) huko New Jersey, Marekani, aliyasoma akamwandikia na kumkaribisha afanyie kazi shambani kwao Whitesbog. White aliwalipa watu waliozoea kuchuma matunda porini wamwonyeshe vichaka vyenye matunda makubwa, na vilivyochaguliwa vikapewa majina ya waliovigundua. Mavuno ya kwanza ya kuuza yalipatikana mwaka 1916. Aina iitwayo Rubel, iliyochimbuliwa porini wakati huo, inapandwa mpaka leo.

Kwa hiyo pima udongo kwanza, kabla hata ya kuutafuta mche.

“Mwaga machicha ya kahawa, udongo utachachuka wenyewe”

Ushauri huu unapendwa kwa sababu haugharimu kitu. Kahawa ina uchachu, kweli, lakini sehemu kubwa ya uchachu huo huyeyuka na kwenda kikombeni. Machicha yaliyokwisha kuchujwa huwa yamekaribia kutokuwa na tindikali kabisa. Ukiyatandaza kidogo hayana ubaya, huwalisha viumbe wa udongoni. Ukiyamwaga kwa tabaka nene hugandamana na kuzuia maji yasipenye.

Sindano za msonobari, yaani majani yake membamba, nazo zimepewa sifa isiyo yao. Ni matandazo mazuri sana, yanapitisha hewa na hayaozi haraka, lakini hazishushi pH kwa kiasi cha kukufaa. Siki hushusha kwa muda mfupi, kisha udongo hurudi ulipokuwa, na ikiwa kali huunguza mizizi.

Kinachofanya kazi ni salfa ya unga au ya chembechembe. Yenyewe si tindikali. Bakteria wa udongoni ndio wanaoigeuza kuwa asidi ya salfuriki, na ili waifanye kazi hiyo wanahitaji joto, unyevu na hewa. Ndiyo maana huchukua miezi, tena udongo ukiwa baridi husimama kabisa. Ichanganye na udongo miezi sita hadi mwaka kabla ya kupanda, upime tena, ndipo upande. Udongo wa kichanga hutosheka na kiasi kidogo. Mfinyanzi hutaka zaidi. Usimwage nyingi kwa pupa baada ya kuona majani yameanza kubadilika rangi.

Kuna udongo ambao hata salfa haiuwezi: ule wenye chokaa asilia. Hapo ndipo siki inapopata kazi yake. Itie kwenye kiganja cha udongo mkavu; ukisikia ukichemka na kuona povu, usipambane na ardhi hiyo. Panda kwenye chombo. Wapo wanaosema bluberi ya chomboni haizai, lakini huzaa vizuri ikiwa kwenye chombo cha lita 40 au zaidi kilichojazwa mchanganyiko wa magome ya msonobari yaliyosagwa na mboji ya kinamasi iitwayo piti. Sharti ni moja tu: chombo hukauka upesi, hivyo hutakiwi kukisahau.

Jivu na chokaa vikae mbali kabisa, kwani vyote hupandisha pH. Mboji nyingi za nyumbani na samadi ya kuku zina tabia hiyohiyo, na samadi mbichi huongeza chumvi ambayo mizizi hii haiivumilii.

Na maji je? Hili huwaponyoka hata wenye uzoefu. Maji yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika yamebeba chokaa, na kila umwagiliapo unarudisha kidogokidogo kile ulichokiondoa kwa salfa. Maji ya mvua ndiyo dawa yake. Kama huna ya kutosha, pima pH ya udongo kila mwaka badala ya kudhani kwamba kazi ya mwanzo ilimaliza kila kitu.

“Asili yake ni kinamasi, kwa hiyo haizami”

Nusu ya sentensi hii ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha. Vichaka vya porini huonekana kwenye vinamasi, lakini mara nyingi husimama juu ya vinundu vya mboji vilivyoinuka juu ya maji. Mizizi inapenda unyevu wa kudumu huku ikipumua. Ikizamishwa katika mfinyanzi usiopitisha maji hushambuliwa na vimelea vya Phytophthora, ikaoza, na cha kuchekesha ni kwamba juu majani hunyauka kama ya mmea wenye kiu. Mwenye bustani huona kiu, akaongeza maji. Kama maji hutuama kwako baada ya mvua, inua tuta la sentimita 30 na upande juu yake.

Mizizi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Ni myembamba kama nyuzi, mingi yake iko katika sentimita 30 za juu, na haina vile vinyweleo ambavyo mimea mingine hutumia kufyonza maji na chakula. Badala yake hushirikiana na kuvu wanaoishi ndani ya mizizi na kuisaidia kupata lishe katika udongo maskini. Ukiijua mizizi hii utaelewa kwa nini jembe ni adui yake. Anayepalilia hadi shinani “ili mmea upate hewa” anaukata mmea mikono ya kulia chakula. Magugu yang’olewe kwa mkono, kisha tandaza magome au vumbi la mbao kwa unene wa sentimita 7 hadi 10, ukiacha nafasi ndogo kuzunguka mashina. Vumbi la mbao lililo bichi huvuta nitrojeni linapooza, kwa hiyo ukilitumia ongeza mbolea ya nitrojeni kidogo.

Kidogo, nasema. Wala si nitrojeni yoyote. Bluberi hutumia vizuri ile ya umbo la amonia, na haijui sana kuitumia ya nitrati, ambayo ndiyo iliyomo katika mbolea nyingi za mboga. Salfeti ya amonia huifaa, tena husaidia kushusha pH. Potasiamu ikihitajika, itafute ya salfeti, kwa sababu ile ya kloridi huidhuru. Siku ya kupanda usitie mbolea ya dukani shimoni. Subiri mche uanze kutoa machipukizi mapya.

“Ni mmea wa nchi za baridi tu”

Inategemea aina. Aina za kaskazini, kama Bluecrop, huhitaji saa 800 hadi 1,000 za baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi ndipo matumba yafunguke sawasawa. Ukiipanda penye joto mwaka mzima itakuwa pambo la majani. Lakini wazalishaji wa mbegu waliichanganya na jamaa zake za kusini mwa Marekani, wakapata aina zinazoridhika na saa chache sana, kama vile Misty na Sharpblue. Baadhi yake, penye hali ya hewa isiyo na baridi, hazipukutishi majani kabisa. Kwa hiyo mpe muuzaji wa miche swali moja: aina hii inataka saa ngapi za baridi? Akijibu kwamba bluberi zote ni sawa, tafuta mwingine.

Tukiwa kwenye aina: mbegu ulizozikamua kutoka kwenye tunda tamu huota, ila mmea utakaotoka haufanani na mama yake. Miche ya kuaminika hutokana na vipandikizi au maabara.

“Mche mmoja unatosha”

Aina nyingi za kichaka kirefu, yaani za Vaccinium corymbosum, zinaweza kujichavusha, ndiyo. Ila aina mbili tofauti zinazochanua wakati mmoja huzaa matunda makubwa zaidi na yanayoiva mapema, na zile za Vaccinium virgatum, jamii nyingine ya bluberi, karibu hazizai bila mwenzake. Ua la bluberi ni kengele iliyoinamia chini, na chavua yake imo ndani ya vifuko vyenye vitundu vidogo, kama chumvi kwenye kichupa cha mezani. Nyuki wakubwa wenye manyoya hulishika ua na kulitetemesha kwa misuli ya mabawa hadi chavua imwagike. Nyuki wa asali hawajui mbinu hiyo, ingawa wakiwa wengi husaidia. Usipulizie dawa ya wadudu maua yakiwa wazi.

Maua ya mwaka wa kwanza, na ikiwezekana ya pili, yaondoe. Najua inauma. Mche unaoruhusiwa kuzaa mapema hutumia nguvu zake kwenye kiganja cha matunda na kubaki kibete, ilhali kichaka kilichokomaa huzaa kikamilifu baada ya miaka sita hadi minane na huweza kuishi miongo kadhaa. Kupogoa pia huogopwa bila sababu. Matunda hutoka kwenye vijiti vilivyokua msimu uliotangulia, kwenye matumba manene ya ncha; yale membamba yaliyochongoka ni ya majani. Kila mwaka kata mmoja au wawili kati ya mashina mazee zaidi hadi karibu na ardhi, mapya yapate nafasi.

Kisha inabaki subira ya mwisho, ambayo wengi huishindwa. Tunda likishakuwa la bluu hudhaniwa limeiva. Bado. Liache siku kadhaa zaidi, maana haliongezi sukari baada ya kuchumwa. Tazama pale kikonyo kinaposhika: kukiwa na wekundu, halijawa tayari. Ule utando mweupe juu ya ganda si dawa, ni nta ya tunda lenyewe inayolilinda, kwa hiyo usilioshe hadi saa ya kula. Wakati wa kuchuma, pitisha kidole gumba kwenye kishada bila kuvuta. Yaliyoiva yataanguka kiganjani yenyewe. Yanayong’ang’ania yarudie baada ya siku tatu.