Ujumi: uzuri unavyoanza na kuhisi

Wengi wetu neno ujumi tulikutana nalo darasani, kwenye uhakiki wa fasihi, na likabaki hukohuko pamoja na vina na mizani. Tuliambiwa ni taaluma ya uzuri, tukaandika, tukafunga daftari. Dhana yenyewe inavuka mipaka ya shairi: inauliza kwa nini kitu kinatupendeza au kutukera pale tu tunapokiona au kukisikia, kiwe jengo, mchoro, mawingu au chombo cha jikoni.

Mwanafalsafa wa Kijerumani, Alexander Baumgarten, ndiye aliyeipa taaluma hii jina lake la Ulaya (kwa Kiingereza, aesthetics) mwaka 1735. Alilitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kuhisi, yaani kutambua kwa macho, masikio na ngozi. Mzizi huohuo ndio uliomo katika jina la dawa ya ganzi kwenye lugha nyingi za Ulaya, na kwangu hapo ndipo dhana inapofunguka. Ukifuata asili ya neno, kinyume cha ujumi ni ganzi. Anayekerwa na ukuta uliopakwa rangi ovyo bado yumo ndani ya ujumi. Aliyetoka ni yule anayeupita kila siku asijue una rangi gani.

Mwanafalsafa mwingine wa Kijerumani, Immanuel Kant, mwaka 1790, aliongeza sharti: furaha ya uzuri haina tamaa. Ukiona tunda ukataka kulila, hiyo ni njaa. Ukishangaa wekundu wake unavyofifia kuelekea kwenye kikonyo, hata ukasahau kwamba linaliwa, hapo umeona uzuri. Sharti hilo linabana kidogo, maana kiti kizuri hukitenganishi na kukalika kwake. Kant mwenyewe alikiri kwamba uzuri wa jengo hufungamana na kazi yake.

Na majengo yana ujanja wao. Hekalu la Parthenon, lililojengwa Athens katika karne ya 5 kabla ya Kristo, lina sakafu iliyobinuka: katikati ya upande mrefu, wenye karibu mita 70, imeinuka kama sentimita 11. Nguzo nazo zimetuna kidogo na kuinamia ndani. Vitruvius, msanifu wa Kirumi, alieleza kwamba sakafu iliyonyooka kabisa ingeonekana kubonyea. Mtazamaji haoni hesabu hiyo. Anaona tu jengo limetulia.

Uzuri wa kila siku hauna hata msanifu. Ukiosha vyombo, chovya mdomo wa kikombe kwenye maji ya sabuni, ukiinue taratibu na kukilaza ubavu. Utando umeziba mdomo wake. Muda si muda michirizi ya rangi inajitokeza, waridi, kijani, dhahabu, ikishuka polepole. Sabuni yenyewe haina rangi hizo. Mwanga unaorudi kutoka uso wa mbele wa utando unakutana na ule unaotoka uso wa nyuma. Rangi nyingine zinakuzana, nyingine zinafutana, kulingana na unene. Maji yanapochuruzika, sehemu ya juu inazidi kuwa nyembamba hadi inakuwa nyeusi, kama tundu. Weusi huo ukitokea usipepese macho: utando unakaribia kupasuka, na kikombe bado hujakisuuza.