Kijana Wangu Hanisemeshi Tena: Maswali na Majibu Kuhusu Mvulana Anayebalehe

Mwanangu ana miaka 14. Zamani akitoka shule alinifuata jikoni na habari zote, nani kachapwa, nani kafunga goli. Siku hizi ni "poa" moja, kisha anajifungia chumbani. Nimemkosea nini?

Pengine hujamkosea chochote, mama. Balehe humpa mvulana kazi ambayo hakuwa nayo: kujijua yeye ni nani, mbali na kuwa mtoto wa fulani. Kazi hiyo hufanyika kimyakimya, na mlango uliofungwa ni sehemu yake. Tunapokosea wazazi ni pale tunapomkalisha kwenye kochi na kumkazia macho: "Haya, sema una shida gani." Hapo hupati kitu. Mpe vitunguu amenye, au mwende wote kumwagilia mchicha. Mikono ikiwa kazini na macho hayakutani, mdomo hufunguka wenyewe. Akishaanza, usimkatize kwa mawaidha. Ngoja hata chungu kiepuliwe.

La wenzake wa kijiweni analisikia. Langu mimi baba yake, halisikii.

Ubongo haukui wote kwa pamoja. Sehemu za hisia na msisimko huchangamka mapema, lakini ile ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kuzuia papara, huendelea kukomaa hadi miaka ya 20 na kitu. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la mchezo wa gari kwenye kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi wenzao walipokuwa wakitazama kuliko walipocheza peke yao. Kwa waliofika miaka 24 na zaidi, kutazamwa hakukubadilisha mengi. Ndiyo maana mtoto mpole nyumbani hukutwa amepanda mishikaki kwenye bodaboda.

Ukimpiga marufuku marafiki, watakutana vichochoroni. Waite kwako, uwajue kwa majina. Timu ya mpira, kwaya, madrasa, hivyo navyo ni vijiwe, ila vina mtu mzima ndani.

Asubuhi haamki. Ni uvivu?

Si lazima. Katika umri huu homoni ya usingizi huchelewa kupanda usiku, naye anahitaji usingizi wa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku. Simu ilale sebuleni. Na yako pia.

Sisi tulifundwa jandoni. Hawa wa sasa nani anawafunda?

Mara nyingi hakuna. Familia nyingi sasa humtahiri mtoto hospitalini angali mdogo. Kidonda kinapona, mafunzo hayafuati. Mtafutie mjomba au babu anayezungumza bila kufokafoka, amweleze ndoto nyevu kabla hajaikuta kwenye shuka akadhani anaumwa. Amwambie pia kwamba chuchu za mvulana zinaweza kuvimba kidogo, na kwa wengi huisha ndani ya mwaka mmoja au miwili. Amwambie kuwa hapana ya msichana ni hapana. Lile somo la "mwanaume halii" mimi ningeliacha hukohuko porini.

Nina miaka 13. Darasani wenzangu sauti zimekuwa nzito, mimi bado, wananiita "bebi". Nina tatizo?

Kwa umri wako, mdogo wangu, si ajabu. Balehe ya mvulana huanza popote kati ya miaka 9 na 14. Dalili ya kwanza ni korodani kukua, wala si sauti, sauti huja baadaye. Ukitimiza 14 na hujaona badiliko lolote, nenda na mzazi kituo cha afya ukapimwe. Lakini kama jina hilo limekufanya uogope shule, au wiki mbili sasa huna hamu ya chakula wala ya mpira, usisubiri miaka. Mwambie mtu mzima unayemwamini, au piga 116, simu ya watoto. Ni bure, Tanzania na Kenya.